Wasomaji Wanauliza: Mvulana na Vazi la Kilti

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu vazi moja tu, nalo ni kilti ya Kiskoti, yaani vazi la sufu lenye miraba ya rangi, marinda nyuma na sehemu bapa mbele, linalofungwa kiunoni na kuishia gotini. Barua nyingi zimetoka kwa wazazi wenye watoto wa kiume waliozaliwa au wanaokulia Uskoti, na kwa mafundi na walimu wa huku nyumbani ambao wamekutana na vazi hili kwa njia zao. Tumezifupisha bila kubadilisha kiini cha maswali.

Mwanangu ameombwa kubeba pete

*Mhariri, mimi ni mama mwenye asili ya Bukavu na ninaishi Glasgow. Jirani yetu Mskoti anamwoza binti yake, na ameomba mwanangu wa miaka 7 abebe pete siku ya harusi akiwa amevaa kilti kama wavulana wa upande wao. Sijui vazi kamili lina vitu gani, wala sijui kama ni bora kukodi au kununua. Isitoshe, mume wangu anaona kwamba tunamvalisha mtoto wa kiume sketi. Naomba mwongozo.*

Mama mpendwa, tuanze na mumeo, kwa sababu mtoto huvaa kwa utulivu nguo ambayo baba yake ameikubali. Kilti ni vazi la wanaume. Huko Uskoti huvaliwa na bwana harusi siku ya ndoa yake, na baba anayemsindikiza bintiye kanisani, na mpiga zumari ya mfuko anayewapokea wageni mlangoni, na kwa vizazi vingi askari wa vikosi vya nyanda za juu walipigana vita wakiwa wameivaa. Mwanamume wa Lamu au wa Unguja aliyejifunga kikoi hahisi kwamba amevaa nguo ya mkewe, na Mskoti naye yuko hivyo hivyo ndani ya kilti yake. Mumeo akiwaona babu na wajomba wa bi harusi wamesimama mbele ya kanisa wamevaa vazi hilo kwa heshima zote, nadhani wasiwasi wake utakwisha bila maneno yangu.

Kabla ya kwenda dukani, mwulize jirani yako mambo mawili: ni tartani ipi, yaani ni mpangilio upi wa miraba na rangi, uliochaguliwa kwa ajili ya harusi, na ni koti la aina gani. Koti jeusi fupi lenye vifungo vya fedha, linaloitwa Prince Charlie, huvaliwa pamoja na kizibao na tai ya kipepeo, nalo kwa desturi ni koti la jioni. Koti la Argyll ni refu kidogo, linafaa mchana na huvaliwa pamoja na tai ndefu ya kawaida. Wapo pia wanaowavalisha watoto wadogo shati pana la rangi ya maziwa lenye kamba kifuani, bila koti lolote, na kwa mtoto wa miaka 7 ningependelea hilo kama uamuzi ungekuwa wangu, kwa kuwa linamwacha anyooshe mikono na kukimbia. Lakini harusi ni ya wenyewe, na mtoto anapaswa kufanana na wenzake.

Kukodi ndiko kunakofaa. Mtoto wa umri huo hurefuka kwa kasi, na vazi lililonunuliwa leo kwa bei kubwa huenda lisimtoshe mwaka unaofuata. Maduka ya kukodisha ya Glasgow na Edinburgh hutoa vazi zima kwa pamoja, ila hakikisha kwamba mtoto anapimwa tena siku za mwisho, maana vipimo vilivyochukuliwa miezi kadhaa kabla vinaweza kuwa vimepitwa na wakati.

Siku yenyewe mvalishe kwanza shati, soksi na viatu, kisha ndipo umfunge kilti, kwa kuwa mtoto akiinama kufunga kamba za viatu akiwa ameshaivaa ataikunja marinda. Kilti hukaa juu kiunoni, karibu na usawa wa kitovu, haishuki nyongani kama suruali ya jinzi. Sehemu mbili bapa hupishana mbele, ile ya juu ikielekea kulia kwa mvaaji, na ukingo wake wenye nyuzi zilizoachwa huru huonekana upande huo wa kulia. Marinda yote yawe nyuma. Nimeona picha nyingi za sherehe ambamo mtoto amegeuziwa kilti, marinda yakiwa tumboni na sehemu bapa makalioni, na inasikitisha kwa sababu hakuna mtu mzima aliyechukua dakika moja kumtazama. Urefu wake ufike katikati ya pia ya goti. Mwambie apige magoti huku mgongo wake ukiwa wima: kilti ikilala sakafuni, ni ndefu mno.

Soksi ni ndefu, za sufu, na hukunjwa chini ya goti huku zikiacha nafasi ya vidole vichache kati ya mkunjo na pia ya goti. Ndani ya mkunjo hupita utepe wa mpira wenye vitambaa viwili vidogo vya rangi vinavyochomoza chini, navyo hukaa upande wa nje wa mguu. Viatu vya sherehe vya Kiskoti havina ulimi, na kamba zake ndefu hupotwa na kuzungushwa juu ya kifundo cha mguu. Zifunge kwa nguvu ya kutosha ili zisishuke, lakini zisimbane. Viatu vyeusi vya ngozi vya shule vinakubalika kwa mtoto, na hakuna atakayemlaumu.

Mbele hukaa sporani, yaani kijaluba cha ngozi au manyoya kinachoning'inia kwa mnyororo, kiasi cha kiganja kimoja chini ya bizimu ya mkanda. Kina kazi, kwa kuwa kilti ya kawaida haina mifuko, na kwa mwanao kitakuwa na kazi kubwa zaidi: pete zikae humo, kifuniko kikiwa kimefungwa, mpaka atakapoitwa. Pini ya kilti hubandikwa karibu na kona ya chini upande wa kulia, kwenye kitambaa cha juu peke yake. Ukiipitisha hadi kitambaa cha chini, kilti haitaning'inia vizuri na mtoto akikimbia itachanika. Ndani avae chupi au kaptura fupi ya rangi ya giza. Utani unaosikika kuhusu Mskoti na nguo za ndani ni wa watu wazima na haumhusu mtoto.

Mfundishe jambo moja nyumbani kabla ya siku hiyo: anapokaa, apitishe mikono nyuma, alaze marinda chini yake, kisha aketi magoti yakiwa karibu na sporani ikiwa katikati ya mapaja. Baada ya chakula huenda kukawa na ngoma za Kiskoti ambazo wageni wote hucheza wakiwa wamepanga safu au duara. Mruhusu acheze, kwani marinda yale yameshonwa ili yafunguke mtu anapozunguka, na vazi hili halionekani katika uzuri wake mpaka mvaaji atembee au acheze.

Sisi hatuna ukoo wa Kiskoti

*Ninaishi Edinburgh na watoto wangu wawili wa kiume. Mwenzangu kazini amenieleza kwamba kila tartani ni mali ya ukoo fulani na kwamba mgeni akiivaa anakosea. Shule yao inaandaa sherehe ya kumaliza darasa la saba na wavulana wengi watavaa kilti. Je, watoto wangu, ambao babu zao ni wa Kigoma, wavae nini?*

Ndugu msomaji, hakuna sheria inayomkataza mtoto wako kuvaa tartani yoyote inayouzwa dukani. Kuna adabu, na adabu hiyo ni nyepesi kuliko mwenzako alivyoieleza. Waskoti wenye majina ya koo kama MacDonald au Campbell hupenda kuvaa tartani za koo zao, na wengine hujiona wageni ndani ya tartani ya ukoo mwingine. Kwa asiye na ukoo zipo tartani ambazo kwa muda mrefu zimekuwa za wote. Ile ya Black Watch, yenye kijani kilichokolea, buluu na nyeusi, ilitokana na kikosi cha jeshi na huvaliwa na kila mtu. Hunting Stewart nayo ni ya kijani na haimbagui mvaaji, na Royal Stewart, ile nyekundu inayojulikana duniani kote, imeenea mno kiasi kwamba wavulana wa kila jina huivaa. Ya kuepuka ni ile ya Balmoral, ya kijivu, ambayo kwa desturi imeachiwa familia ya kifalme tangu Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alipoibuni katika karne ya 19.

Inafaa pia ujue kwamba uhusiano wa tartani moja na ukoo mmoja si wa kale kama wengi wanavyodhani. Kufuma miraba ya rangi ni jambo la zamani sana huko: kipande kilichopatikana kwenye udongo wa kinamasi huko Glen Affric kimepimwa na kukadiriwa kuwa cha kati ya mwaka 1500 na 1600, nacho kilioneshwa kwa umma katika jumba la V&A Dundee mwaka 2023. Lakini katika enzi hizo mfumaji alifuata rangi alizozipata na mitindo ya eneo lake. Ilikuwa mwaka 1815 ambapo chama cha Waskoti wa nyanda za juu kilichokuwa London kilianza kuwaomba wakuu wa koo wapeleke sampuli za tartani zao ili zihifadhiwe, na baadhi ya wakuu hao ilibidi waulize huku na huko tartani yao ni ipi. Wafumaji wa Wilsons wa Bannockburn, waliokuwa wakiuzia jeshi na wafanyabiashara, walikuwa na vitabu vya sampuli vyenye namba na majina, na majina mengi yaliyozoeleka leo yalienea kupitia biashara hiyo.

Siku hizi ipo Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2009, na mtu au taasisi yoyote inaweza kusajili mpangilio mpya endapo unatofautiana na uliopo. Wayahudi wa Uskoti wana tartani yao, na Masingasinga wa huko wanazo pia. Familia kutoka Kigoma ikitaka kusajili yake, mlango uko wazi. Kwa sherehe ya shule, hata hivyo, Black Watch itawatosha vijana wako, na wataonekana nadhifu.

Namna ya kuishona

*Mimi ni fundi cherehani wa Mombasa. Mteja wangu anayeishi Uskoti ameniletea kitambaa cha tartani cha sufu na anataka nimshonee kijana wake wa miaka 7 kilti. Nimezoea sketi za shule za marinda. Je, kuna tofauti?*

Fundi, salamu. Tofauti ipo, na nafurahi kwamba umeuliza kabla ya kushika mkasi, kwa sababu kitambaa hicho ni cha gharama na kosa la kukata halirudi nyuma.

Kwanza, kitazame kitambaa. Sufu nzuri ya kilti imesokotwa kwa nyuzi ngumu na laini, na uzito wake hupimwa kwa wakia kwa kila yadi: wakia 10 au 11 ni nyepesi na zinamfaa mtoto, ilhali watu wazima hupenda wakia 13 au hata 16, kwa kuwa kitambaa kizito huyaweka marinda mahali pake. Ukingo uliofumwa kiwandani, ule usiochambuka, ndio unaokuwa chini ya kilti. Kwa hiyo kilti ya mtu mzima haina pindo chini, na usiukate ukingo huo kwa hali yoyote. Ikiwa kitambaa ni kipana, hugawanywa kwa urefu ili upate vipande viwili, kila kimoja kikiwa na ukingo wake, na kiungo chao hufichwa ndani ya rinda.

Pili, marinda hayazunguki mwili mzima kama sketi ya shule. Gawa kipimo cha nyonga mara mbili: nusu ni ya sehemu bapa ya mbele, na nusu ni ya marinda ya nyuma. Sehemu bapa ziko mbili, moja juu ya nyingine, na marinda yako kati yake katika kitambaa kimoja kisichokatika. Pima mzunguko kamili wa miraba, yaani kutoka mstari mmoja hadi mstari ule ule unapojirudia. Ipo njia ya kukunja inayotumiwa sana jeshini, ambapo mstari mmoja huonekana katikati ya kila rinda, na hapo kila rinda hula mzunguko mmoja kamili wa kitambaa. Ipo nyingine inayoufanya mgongo wa kilti uonekane kana kwamba kitambaa hakijakunjwa, kwa kuwa kila rinda linaanzia pale picha ya lililotangulia ilipoishia. Hapo rinda hula mzunguko mmoja na upana ule unaoonekana nje. Kwa mara ya kwanza nakushauri uanze na ile ya mstari, maana hesabu yake ni rahisi na kosa dogo huonekana mapema.

Chukua mfano wa kijana mwenye nyonga za sentimita 64. Nusu ya nyuma ni sentimita 32, na ukiacha sentimita 2 zionekane kwa kila rinda utapata marinda 16. Mzunguko wa miraba ukiwa sentimita 12, marinda hayo yatakula sentimita 192. Ongeza sehemu mbili bapa za sentimita 32 kila moja, na ziada ya mikunjo mirefu ya pembeni, utafika karibu mita 3. Mtu mzima hutumia takriban yadi 8, yaani zaidi kidogo ya mita 7, hivyo usishangae mteja wako akikueleza kwamba kilti ya baba ni nzito kuliko suti.

Kila rinda huwa jembamba kiunoni na pana kidogo nyongani, nawe utalishona kwa mkono, kutoka kiunoni hadi usawa wa makalio, kisha uliache lianguke huru. Mashine inaweza kukusaidia kwenye mkanda wa kiuno na bitana, lakini marinda yashone kwa mkono, kwani uzi wa mashine huonekana na huvuta sufu. Ndani ya sehemu iliyoshonwa, ondoa unene uliozidi wa marinda, weka kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, halafu bitana ya pamba. Piga bandi marinda yote hadi chini kabla ya kupiga pasi, na pasi yenyewe ipitie juu ya kitambaa chenye unyevu. Bandi itolewe mwisho kabisa.

Sasa mtoto. Hapa ndipo ufundi wako utakapoonekana, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo hauna kiuno cha kushikilia nguo. Kwa watoto wa miaka mitatu au minne kilti hushonwa moja kwa moja kwenye kizibao chepesi kisicho na mikono kinachofichwa chini ya shati au koti, ili uzito wote ubebwe na mabega. Kijana wa miaka 7 anaweza kufungwa kwa mikanda na bizimu kama mtu mzima, lakini mwulize mteja kama ni mwembamba sana, na ikiwa ndivyo basi kizibao kitamfaa hata yeye. Acha ziada ya kutosha kwenye sehemu bapa ya ndani ili bizimu ziweze kusogezwa. Kwa watoto mafundi wengi huvunja pia ile kanuni ya kutoweka pindo, wakikunja sehemu ya chini kwa ndani ili ije kushushwa mwaka ujao. Mteja akikubali, fanya hivyo, kwani miaka miwili zaidi ya kuvaa ina thamani kuliko ukamilifu ambao hakuna mgeni atakayeuona.

Mwambie mteja asiitie kilti hiyo kwenye mashine ya kufulia. Sufu huning'inizwa mahali penye hewa, doa huondolewa pale pale lilipo kwa maji kidogo ya baridi, na ikichafuka kweli hupelekwa kwa dobi anayesafisha bila maji, baada ya marinda kupigwa bandi tena.

Picha ya Kaisari akiwa mtoto

*Mimi ni mwalimu wa historia Dodoma. Katika kitabu kimoja niliona picha ya Wilhelm II, ambaye baadaye alikuwa Kaisari wa Ujerumani wakati nchi yetu ikiwa koloni lake, akiwa mtoto mdogo aliyevalia kilti. Mtoto wa Kijerumani alifikiaje kuvaa vazi la Waskoti?*

Mwalimu, picha hiyo ni ya kweli, na jibu lake liko kwa bibi yake mzaa mama, Malkia Victoria wa Uingereza. Lakini ili wanafunzi wako waone uzito wa jambo hilo, ni lazima waanzie karibu miaka 120 nyuma.

Aprili 16, 1746, jeshi la serikali liliwashinda wafuasi wa Charles Edward Stuart, aliyeasi akidai kiti cha ufalme kwa ajili ya ukoo wake, katika uwanja wa Culloden, karibu na Inverness. Wengi wa waliomfuata walikuwa watu wa nyanda za juu, na serikali ya London iliazimia kuvunja mfumo wao wa koo pamoja na alama zake. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyotaja kwamba mwanamume au mvulana yeyote katika Uskoti, isipokuwa aliyemo jeshini kwa mfalme, haruhusiwi kuvaa mavazi ya nyanda za juu. Aliyepatikana na hatia mara ya kwanza alifungwa miezi 6 bila dhamana, na mara ya pili alipelekwa kwenye mashamba ya ng'ambo kwa miaka 7. Naomba wanafunzi walitazame neno hilo "mvulana" ndani ya sheria. Waliotunga walijua kwamba vazi hurithiwa utotoni, na kwamba ukimvua mtoto umevua pia kizazi kijacho.

Sheria hiyo haikuwabana wote kwa uzito sawa. Katika Jumba la Taifa la Picha za Watu la Uskoti huko Edinburgh upo mchoro unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1749 hivi, unaoonesha wavulana wawili wa ukoo wa MacDonald, mmoja ameshika bunduki na mwenzake anacheza gofu, wote wakiwa wamevaa tartani waziwazi katikati ya miaka ya marufuku. Walikuwa wana wa mwenye ardhi ambaye hakuunga mkono uasi. Mtoto wa mpangaji maskini hakuwa na kinga hiyo, na wakati sheria ilipofutwa Julai 1, 1782, watoto waliokuwa wamezaliwa mwaka wa Culloden walikuwa watu wa miaka 36 ambao huenda hawakuwahi kulivaa vazi la baba zao nje ya jeshi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mapokezi yakaandaliwa na mwandishi Walter Scott, naye mfalme mwenyewe akavaa kilti, vazi ambalo baba wa babu yake alikuwa ametia sahihi kulipiga marufuku kwa raia. Victoria alifika Uskoti mara ya kwanza mwaka 1842, yeye na mumewe Albert wakakodi kasri la Balmoral huko Uskoti mwaka 1848 na kuinunua mwaka 1852, na wana wao wakavalishwa kilti, huko mashambani na hata London. Mei 1, 1851, Maonesho Makuu yalipofunguliwa ndani ya jumba la vioo la Hyde Park, mrithi wa kiti, Edward, mwenye umri wa miaka 9, alisimama mbele ya umati akiwa katika vazi kamili la nyanda za juu. Michoro ya siku hiyo ilienea, na familia zenye uwezo zikaiga.

Wilhelm alizaliwa Januari 1859. Machi 10, 1863, mjomba wake Edward alipooa katika kanisa la St George huko Windsor, mtoto huyo wa miaka 4 aliletwa akiwa amevaa vazi la Kiskoti, na wajomba zake wadogo Arthur na Leopold walivaa vivyo hivyo. Inasimuliwa kwamba walipojaribu kumtuliza wakati wa ibada aliwauma miguu yao iliyokuwa wazi.

Ipo sababu nyingine iliyofanya vazi hili lipendwe na akina mama wa Ulaya na Marekani, nayo haihusu ufalme. Katika enzi hiyo mtoto wa kiume alivaa gauni kama dada yake mpaka afikie miaka minne, mitano au hata zaidi, ndipo avalishwe suruali kwa mara ya kwanza. Kilti ikawa hatua ya kati: ilikuwa na wepesi wa gauni kwa mtoto mdogo, lakini kila mtu aliitambua kuwa nguo ya kiume, tena ya askari. Kufikia mwisho wa karne ya 19 maduka ya Marekani yaliuza suti za wavulana zenye koti na marinda ambazo hata tartani hazikuwa nazo, na jina la kilti likabaki. Kaptura fupi ndizo zilizoziondoa polepole. Uskoti kwenyewe vazi halikuhitaji mitindo ya wakuu ili lidumu: shule ya Queen Victoria huko Dunblane, iliyofunguliwa mwaka 1908 kwa ajili ya watoto wa wanajeshi, bado ina kilti katika sare yake.

Kisu cha soksini na safari ya ndege

*Tunarudi Nairobi kwa likizo na kijana wetu wa miaka 12 anataka kubeba vazi lake zima. Kuna kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi. Je, kitaruhusiwa?*

Dada, usikitie kisu hicho kwenye mzigo wa mkononi, maana huenda kikazuiwa uwanjani, hivyo kama ni cha chuma kiwekwe kwenye begi kubwa linalokabidhiwa. Sheria ya Uskoti inatambua kwamba kisu kinaweza kubebwa kama sehemu ya vazi la taifa, lakini utetezi huo ni wa huko na hauhusu nchi nyingine. Kwa kijana wa miaka 12 ushauri wangu ni mfupi: mpatie kile cha plastiki, ambacho ni mpini tu usio na makali. Kinapochomekwa kwenye soksi huonekana mpini peke yake, kwa hiyo hakuna atakachopungukiwa. Kilti yenyewe isikunjwe mraba. Ilazwe, ipindwe kwa urefu kufuata marinda, kisha iviringishwe kama mkeka na kuwekwa katikati ya nguo laini.

Mavazi ya bendi

*Nipo Muscat. Kijana wangu wa miaka 10 ameona wapiga zumari za mfuko wa Kikosi cha Walinzi wa Sultani wakiwa na tartani, naye anataka vazi hilo hilo. Je, linafaa kwa mtoto?*

Mzee wangu, Oman ina mapenzi ya muda mrefu na zumari hizo. Sultani Qaboos mwenyewe, baada ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst, alitumikia kwa muda katika kikosi cha Kiskoti cha Cameronians. Lakini vazi la gwaride la bendi ya jeshi limetengenezwa kwa ajili ya uwanja mkubwa: kitambaa kizito kinachopita begani, sporani ya manyoya marefu ya farasi, na wakati mwingine kofia ndefu ya manyoya. Mtoto wa miaka 10 atalemewa nalo, na katika joto la Muscat hataweza kulivumilia.

Tazama wanavyovaa vijana wanaoshindana kila Agosti huko Glasgow katika mashindano ya dunia ya bendi za zumari, ambako yapo madaraja maalumu ya vijana. Wengi wao huvaa kilti, shati jeupe lenye tai, kizibao, soksi ndefu na kofia ndogo ya Glengarry inayokaa upande kidogo. Hilo ndilo la kumwiga. Mnunulie kilti ya kitambaa mchanganyiko cha poliesta na viskosi, ambacho ni chepesi na hufuliwa nyumbani, na kofia. Vingine atakuwa navyo tayari katika sare yake ya shule. Na kama kweli anatamani zumari, mwanzishe na filimbi ya mazoezi isiyo na mfuko, ambayo ndiyo kila mpigaji huanza nayo, maana mwalimu atamtaka ajue vidole kwanza kabla ya kumkabidhi mfuko.